Saba ya Pau

Wewe uliyeitika kwa saba na mbili,
sijui uko nchi gani, kwako ni mchana au usiku.
Kwangu ilikuwa saa tisa kasorobo za usiku, Nkuhungu,
upepo unapekua mabati kama askari anayetafuta gongo,
bando limebaki la kulamba,
na mkononi nina ree mbili.

Ree mbili! Ya kopa na ya shupaza.
Tulianza watu mia moja na arobaini,
tukabaki kumi na tisa.
Wanaolipwa ni kumi na wanane.
Nikasukuma chipu zote.
Ukaitika papo hapo, kama mtu aliyeitwa kula.

Tisa. Saba. Nne.
Halafu mfalme, amekaa tu, hana habari na mtu.
Karata ya tano wachezaji wanaiita mto,
na aliyeipa jina hilo nadhani aliwahi kuishi kwetu,
ambako mto ni mchanga miezi tisa,
watoto wanauchezea mpira, mbuzi wanalala humo,
kisha siku moja mvua inanyesha mbali, wingu lenyewe hulioni,
na maji yanafika yamesimama wima,
yanabeba mbuzi, goli, na kiatu cha kipa.

Saba ya pau.

Sikutukana.
Haya, nilitukana, lakini kwa Kigogo,
na simu yangu haijui Kigogo.
Nikatoka uani kunawa uso kwa maji ya ndoo.
Sechelela wa chumba cha pili akauliza dirishani,
"Nani kafa?"
"Ree," nikamwambia.
Akasema pole, akarudi kulala.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, sawa,
ila methali haisemi akubali saa ngapi.

Nina daftari la hesabu lenye safu mbili:
Nilicheza vema. Nilicheza vibaya.
Zamani ilikuwapo ya tatu, Bahati.
Niliikwangua kwa wembe baada ya miezi minne,
maana ilikuwa inajaa peke yake
na mimi sina kosa popote.
Usiku ule niliandika: vema.
Herufi zilitetemeka, lakini zinasomeka.

Mara themanini na nane katika mia, ree zinashinda.
Hizo kumi na mbili sharti zimwangukie mtu,
na mtu huyo ana jina,
ana kodi ya chumba tarehe tano.

Kanuni yangu: baada ya kipigo,
simu inalala ndani ya debe la unga, mimi nalala kitandani.
Usiku ule niliitoa mara mbili.
Mpaka leo kuna unga wa uwele kwenye tundu la chaji.

Mama yangu, Mvumi, anaberega kila Novemba,
anafukia mbegu kwenye ardhi kavu kama kisigino.
Mwaka juzi mvua ilinyesha siku tatu,
mbegu zikachungulia, jua likazila zote.
Nilimuuliza kama hakukasirika.
"Nilikasirika Jumatatu mpaka Jumatano.
Alhamisi nikaazima mbegu kwa Chiwanga."
Hakuongeza neno, alikuwa anachambua mlenda.
Mimi simwambii ninachopanda.
Uwele ukikubali, unaliwa.
Changu sijui bado kama ni mbegu au ni kokoto.

Asubuhi nilikwenda kazini, kwenye ghala la zabibu,
nikapima makreti mia mbili na sita.
Mzani haukumwonea huruma mkulima yeyote
wala haukumchukia.
Mchana nikala.
Jioni, nikifungua mlango wa ghala kuingiza kreti la mwisho,
nikagundua kwamba nimecheka na mtu.

Kwa hiyo wewe wa saba na mbili,
sikuombei mabaya.
Nakuombea umri mrefu, bando lisiloisha,
na moyo uleule wa kuitika upesi.
Usiujifunze mchezo huu. Tafadhali.
Ijumaa saa nne usiku nitakuwapo,
nimeshalipa kiingilio.